Bei ya Pikapu ya Umeme na Amana ya Muuzaji



Mwezi wa Mei 2021 kampuni ya Ford ya Marekani ilitangaza pikapu yake ya umeme, F-150 Lightning, kwa bei ya kuanzia dola 39,974. Kufikia Machi 2023 bei hiyo ya kuanzia ilikuwa imefika dola 59,974, nyongeza ya dola 20,000 katika muda usiotimia miaka miwili. Julai ya mwaka huo ikateremshwa hadi dola 49,995. Tesla nayo ilipoionyesha Cybertruck mwaka 2019 ilitaja dola 39,900. Wanunuzi walipoanza kukabidhiwa Novemba 2023, bei ya chini kabisa iliyotangazwa ilikuwa dola 60,990.

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akauliza, haya yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa magari ya umeme yamekwisha kuanza kushuka katika bandari yetu, na kesho mzazi au mume atakaa na familia yake kushauriana kununua chombo cha kazi cha aina hiyo. Isitoshe, maswali ya bei, ahadi na kasoro ya bidhaa si mapya. Yaliulizwa katika soko la Madina.

Betri ndiyo iliyobeba bei

Uwezo wa betri hupimwa kwa kilowati-saa. Betri ndogo ya F-150 Lightning ilikuwa na kilowati-saa 98, na kubwa 131. Nissan Leaf, gari dogo la nyumbani, lilitolewa na betri ya kilowati-saa 40 katika mojawapo ya matoleo yake. Pikapu ni nzito, nayo hutakiwa kubeba na kuvuta mizigo. Kwa hiyo huhitaji betri iliyo kubwa maradufu na zaidi. Hata hivyo, ikivuta tela zito, masafa yake yaweza kupungua kwa karibu nusu.

Kwa hesabu za BloombergNEF, mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri iligharimu zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2023 wastani wa dunia ulikuwa dola 139. Zidisha kwa 98, utapata zaidi ya dola 13,600 kwa betri peke yake, kabla ya bodi, mota na magurudumu. Wala bei haikushuka moja kwa moja: mwaka 2022 ilipanda, kwa sababu madini ya lithiamu yaliadimika na kughalika. Ford ilipoteremsha bei mwaka 2023, ilitaja unafuu wa malighafi za betri kuwa miongoni mwa sababu.

Kupanda kwa bei kwa sababu ya kweli si dhuluma. Mtume wetu (S.A.W.) alipoombwa na watu awapangie bei iliyopanda, alikataa, akabainisha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kukunja na kukunjua riziki. Lakini bei kupanda sokoni ni jambo moja, na kumgeuka mtu uliyekwisha kumtajia bei ni jambo jingine.

Neno lililotoka kinywani

Tarehe 1 Machi 2022 kampuni ya Rivian ilipandisha bei ya pikapu yake ya R1T, toleo la mota nne, kwa takriban dola 12,000. Nyongeza hiyo iliwagusa hata waliokuwa wamekwisha kuagiza na kuweka amana ya dola 1,000. Watu wakalalamika, wengi wakafuta maagizo. Baada ya siku mbili mkuu wa kampuni, RJ Scaringe, aliomba radhi na kuwarudishia wateja hao bei ya awali.

Tuitazame kwa jicho la fiqhi. Fedha inayoweza kurudishwa, pasipo akidi iliyokamilika, haijawa mauzo bado; ni ahadi. Lakini ahadi ina heshima yake, na kuivunja kumetajwa katika alama za unafiki. Amana isiyorudishwa, iitwayo arbuni, ina hukumu nyingine: wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi waliikataza, na Mahanbali wakairuhusu. Basi kabla ya kutoa shilingi, uliza: nikighairi, fedha hii inarudi?

Rundo lililolowa chini

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane. Dhamana ya betri, kwa watengenezaji wengi, nayo ni miaka minane au kilomita 160,000. Kwa hiyo gari lililotumika Japani laweza kutufikia dhamana yake ikiwa ukingoni. Tena joto huichosha betri, na joto la pwani twalijua.

Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, akakuta unyevu uliofichwa chini ya kikavu, akamkemea muuzaji. Betri iliyochoka ndani ya gari linalong'aa ni rundo lile lile. Muuzaji ni wajibu wake kueleza betri imebakiwa na uwezo kiasi gani. Katika Nissan Leaf, vijistari 12 kwenye dashibodi huonyesha uwezo uliobaki, vihesabuni. Aliyefichwa kasoro ana haki ya kurudisha gari.

Wako pia wanaouza gari na kukodisha betri. Hiyo ni ijara, nayo yafaa iwapo kodi na muda vimejulikana. Betri ikiharibika bila ya uzembe wa mkodishaji, hasara ni ya mwenye betri. Mkataba unaomtwika mkodishaji hasara hiyo usitiwe saini.

Dhahabu ya mama

Mara nyingi fedha ya chombo hutoka katika dhahabu ya mke au akiba yake ya chama. Mali hiyo ni yake. Akiitoa, ielezwe: ni zawadi, ni mkopo, au ni ubia? Kisha iandikwe mbele ya mashahidi, kama Suratul Baqara inavyoagiza katika aya ya 282 kuhusu deni. Kuandika si kukosa imani baina ya mume na mke. Ni kuilinda imani hiyo siku betri itakapokufa na biashara kusimama.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika biashara zetu, na atukinge na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.