NYUMBA NDOGO NA MARADHI YA NYUMBA KUBWA

Somo letu la leo linahusu hawara. Hawara ni mtu anayefanya mapenzi na mwenziwe bila ndoa. Wengine husema kimada, wengine husema nyumba ndogo. Mke wa pili aliyeolewa kwa ndoa halali si hawara.

Jambo hili lina aibu, kwa hiyo watu hulificha. Lakini sisi wa zahanati huliona kila siku, kwa sababu maradhi hayajui kufichwa.

Zamani

Uzinzi si jambo jipya. Huko Babeli, katika nchi inayoitwa Iraki leo, mfalme Hammurabi aliandika sheria yapata miaka 3,750 iliyopita. Mke akifumaniwa, yeye na mwanamume yule walifungwa pamoja na kutupwa majini.

Huku kwetu Pwani palikuwa na masuria. Suria alikuwa mwanamke mtumwa aliyechukuliwa na bwana wake. Hakuulizwa kama anataka. Unguja sheria ya mwaka 1897 iliwapa watumwa njia ya kupata uhuru, lakini masuria waliachwa nje. Walingoja mpaka mwaka 1909.

Dini

Torati ya Musa iliwahukumu kifo wote wawili, mwanamume na mwanamke. Kurani inataja viboko mia kwa wote wawili, lakini inataka mashahidi wanne. Anayemsingizia mwanamke bila mashahidi hao, yeye ndiye hupigwa viboko themanini. Injili nayo inafundisha kwamba hata kutamani ni uzinzi wa moyoni. Basi dini zote hizi hazisemi kosa ni la mwanamke peke yake.

Sheria yetu

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Chini ya sheria hiyo mume au mke anaweza kumdai fidia mahakamani mtu aliyezini na mwenzi wake. Uzinzi pia ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Lakini sheria hiyo haimpi mtu yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake. Ukimfumania, usishike panga. Nenda Baraza la Usuluhishi la Ndoa.

Tena, mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawahesabu kuwa mume na mke, mahakama huweza kuwachukulia kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine.

Maradhi

Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma. Kidonda hupona chenyewe, na mtu hufurahi. Asijidanganye! Ugonjwa umebaki katika damu. Mama mjamzito mwenye kaswende aweza kuzaa mtoto mfu.

Kisonono humchoma mwanamume akikojoa. Mwanamke mara nyingi hasikii chochote, huku kizazi chake kikiharibika. Baadaye huitwa tasa, na mume hutafuta mke mwingine. Nani alileta ugonjwa?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Sasa zipo dawa za kufubaza virusi. Anayezimeza kila siku huishi na kufanya kazi. Lakini haziponyi.

Wapo waume wanaokuja zahanati kwa siri, wakatibiwa, wakarudi nyumbani bila kumwambia mke. Baada ya wiki chache wamerudi na ugonjwa ule ule. Kumtibu mmoja ni kuchota maji kwa pakacha.

Ufanye nini?

1. Ukiona kidonda, usaha au maumivu sehemu za siri, njoo zahanati mapema. Usinunue vidonge vya kubahatisha.
2. Njoo na mwenzi wako. Kama yupo mwingine, naye atibiwe. Siri yako hatuitangazi.
3. Msikutane kimwili mpaka mganga awaambie mmepona.
4. Mke akiwa mjamzito, nendeni kliniki pamoja mkapimwe damu.
5. Kama huwezi kuacha nyumba ndogo, tumia kondomu. Lakini kuacha ni bora.

Ndugu msomaji, wazee wanaweza kukusamehe, na baraza linaweza kuwapatanisha. Mtoto aliyekufa tumboni kwa kaswende hawezi kurudishwa. Sindano za kumwokoa zipo. Njooni mapema, nyote wawili.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mume na mke watibiwe pamoja?
2. Kwa nini kupona kwa kidonda si kupona kwa kaswende?
3. Mtu akimfumania mwenzi wake, aende wapi?