Waya wa foni juu ya vilima vya Nizi

Mtu akisimama Nizi, kila upande anaotazama kuna kilima. Mji huu mdogo uko kaskazini mwa Bunia, katika teritori ya Djugu, ndani ya ukanda wa dhahabu wa Kilo-Moto, na vilima hivyohivyo vyenye dhahabu ndivyo vinavyozuia mawasiliano. Mnara wa simu ukizimika, au barabara ikifungwa kwa mapigano, chombo kinachobaki katika sehemu kama hizi ni foni: redio ya mawimbi mafupi inayokula betri ya gari, yenye nguvu ya wati 100 hivi, ambayo misheni, vituo vya afya, marubani wa ndege ndogo na wafanyabiashara wa mashariki mwa Kongo wameitegemea kwa miongo mingi.

Umuhimu wa foni ulionekana kwa uchungu katika mkoa wa sasa wa Haut-Uele. Tarehe 14 hadi 17 Desemba 2009, wapiganaji wa LRA, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, waliua watu wasiopungua 321 katika eneo la Makombo, na ulimwengu ulipata habari kamili Machi 2010 tu, shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti yake. Vijiji vile havikuwa na simu. Katika miaka iliyofuata, shirika la Invisible Children pamoja na tume ya haki na amani ya Kanisa Katoliki huko Dungu vilisimika foni kijiji baada ya kijiji, ili taarifa ya shambulio ifike siku hiyohiyo.

Foni ikinyamaza, wa kwanza kulaumiwa huwa betri, wa pili redio yenyewe. Waya ulioko nje, yaani antena, hutazamwa mwisho, ilhali ndio wenye kazi kubwa, na ndio unaoweza kurekebishwa nyumbani kwa koleo, futi na subira.

Kwanza ni kuchagua njia ya wimbi. Redio za CB, zilizopewa masafa yake ya sasa Marekani mwaka 1958 na kupendwa na madereva wa malori, hutumia masafa ya megahezi 27, yaani chaneli 40 kuanzia 26.965 hadi 27.405. Katika masafa hayo wimbi husafiri karibu sawasawa na mtu anavyoona. Kwenye tambarare hiyo inatosha kwa kilomita kadhaa. Huko Djugu, kilima cha pili tu kinalizima. Pengine jua likichangamka, kama lilivyokuwa mwaka 2024, CB husikika kutoka bara jingine huku jirani wa bonde la pili hapatikani. Foni hushuka chini zaidi, kati ya megahezi 3 na 8. Wimbi la hapo likirushwa juu, tabaka la anga lenye chembe za umeme hulirudisha chini kama mvua, likaangukia mabonde yote yaliyo ndani ya kilomita 300 au 400. Mji wa Aru uko kiasi cha kilomita 160 kutoka Bunia kwa mstari wa ndege, na Dungu ni karibu 300. Miji yote miwili imo.

Kwa sababu hiyo, antena ya foni haihitaji kupandishwa juu sana. Wenye antena za CB wanajua kwamba kimo ni mali, na kwao ni kweli. Kwa foni ya mkoa, waya wa megahezi 5 ulio mita 6 hadi 15 kutoka ardhini unafanya kazi nzuri kabisa, kwa kuwa unalitupa wimbi angani. Ukiinuliwa mita 30, sehemu kubwa ya nguvu huelekea upeo wa mbali na kuwapita majirani.

Antena rahisi kuliko zote ni waya mmoja uliokatwa katikati, kila upande mkono wake. Mafundi wengi hulifunga fundo la katikati kwenye nguzo moja ya mkaratusi, mita 8 au 10, na kuishusha mikono yote miwili kwa mteremko hadi mita 3 kutoka chini. Pembe kati ya mikono isipungue nyuzi 90. Ncha zifungwe kwa kihami, hata kipande cha plastiki ngumu, kisha kamba. Mtoto asizifikie: redio ya wati 100 ikiongea, ncha hubeba mamia ya volti na huunguza ngozi. Waya usilale juu ya mabati pia, maana bati huvuruga kipimo chote.

Urefu hupatikana kwa hesabu ya darasani: 143 gawanya kwa masafa kwa megahezi, jibu ni mita. CB katika chaneli ya 20, yaani 27.205, inahitaji mita 5.26, kila mkono 2.63. Foni iliyopewa, kwa mfano, 5.2 inahitaji mita 27.5. Lakini waya wa umeme wa nyumbani wenye ganda la plastiki hupunguza kasi ya wimbi, na mti ulio karibu una athari zake. Kwa hiyo hesabu ni mahali pa kuanzia tu.

Hapo ndipo mita ya SWR inapoingia. Hukaa kati ya redio na kebo inayopanda hadi antena, ikilinganisha nguvu inayokwenda na inayorudi. Ikisoma 1.5, asilimia 4 tu inarudi. Ikisoma 2, asilimia 11. Ikisoma 3, robo nzima. Fundi makini hushusha nguvu hadi wati 10, husikiliza kwanza kama masafa ni matupu, hutaja jina la kituo chake, kisha hupima kwenye masafa kadhaa na kuandika majibu. Kupima kwenye masafa mamoja tu hakumwambii chochote. Anachotafuta ni masafa ambayo mita inashuka chini kuliko kwingine.

Tuseme ule waya wa mita 27.5 umeshuka chini kabisa kwenye 5.0 badala ya 5.2. Ni mrefu mno. Urefu ukizidishwa kwa masafa, kwa waya uleule, hubaki takriban palepale: 27.5 mara 5.0 ni 137.5, na 137.5 gawanya kwa 5.2 ni mita 26.44. Kila mkono upunguzwe sentimita 53. Kukata si lazima. Ncha ikikunjwa na kuzungushiwa waya wenyewe kwa kubana, redio huiona kama imekatwa, na kosa likitokea hukunjuliwa. Mikono yote miwili ipunguzwe sawa, antena ipandishwe tena kwenye kimo chake cha kazi, kisha ipimwe upya. Kipimo kilichochukuliwa antena ikiwa begani hakina maana.

Sasa ubaya wa mita, ambao mafundi wengi wazoefu hawauzingatii. Mita inaweza kusoma vizuri kwa sababu mbaya. Mvua ikiingia kwenye kebo, kebo huanza kula nguvu. Chukua kebo iliyooza kiasi cha kumeza nusu ya nguvu njiani. Antena inayostahili kusoma 3 itaonekana kama 1.7, kwa kuwa kinachorudi nacho kinaliwa. Hata antena ikiwa imekatika kabisa huko juu, mita ya chini itasoma 3, si namba ya kutisha inayotarajiwa. Dawa ni kuondoa antena, kufunga kipingamizi cha omu 50 kwenye ncha ya juu ya kebo, na kupima wati pande zote mbili. Kebo nzima ya RG-58 yenye mita 20, kwenye megahezi 5, haipotezi hata moja ya tano. Zikiingia 100 zikatoka 50, kebo hiyo itupwe. Kiungo cha nje kifungwe kwa utepe wa mpira, na kebo ining'inie kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondokee nje.

Radi nayo si jambo la pembeni. Kwa vipimo vya setilaiti, Kabare, Kivu Kusini, ina mimweko ya radi zaidi ya 200 kwa kilomita mraba kila mwaka, ya kwanza Afrika na ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo ina radi nyingi. Wingu likikusanyika, kebo ichomolewe na ncha yake iwekwe nje ya nyumba, si nyuma ya redio. Fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini husaidia, lakini haichukui nafasi ya kuchomoa.

Kisha majaribio ya kweli, kwa masafa yaliyoidhinishwa na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo. Kituo cha Aru kiitwe saa sita mchana na tena saa tatu usiku. Mchana megahezi 5 hadi 7 husikika vizuri. Usiku tabaka la anga hudhoofika na mawimbi hayo hupenya juu yasirudi, ndipo masafa ya 3 au 4 yanahitajika, pamoja na waya wake wa pili wa mita 36 au zaidi. Nyaya zote mbili zinaweza kushikana fundo moja la katikati na kebo moja, mradi ncha zake ziachane angalau mita moja, na ule mrefu urekebishwe kwanza.