Kamba Fupi Siku ya Bamvua

Siku ya bamvua, katika bandari ya Malindi, Unguja, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Alfajiri vyombo vimesimama juu, ubavu unagusana na gati. Ikifika saa nne asubuhi viko chini kabisa, na mabaharia wanaukwea ukuta ili watoke.

Asubuhi kama hiyo niliona mashua ya tanga imefungwa kwa kamba fupi, omo na tezi, imekazwa kama mbuzi wa Idi. Maji yalipokupwa ikaning'inia kwa omo. Kile chuma chenye pembe mbili cha kufungia kamba kikang'oka na ubao wake, kwa sababu kilikazwa kwa skrubu tu. Chuma hicho kinataka bolti zinazopenya sitaha, na chini yake bamba la kugawa uzito. Iliniuma, maana kamba ya kutosha ilikuwamo humo humo chomboni.

Hesabu yake ni nyepesi. Kamba ya mita 2, chombo kikishuka mita 4, inatakiwa iwe karibu mita 4 na nusu. Haiwezi. Kamba ya mita 12 iliyolazwa kando ya gati itahitaji sentimita 65 tu za ziada, na ukiilegeza kidogo inatosha. Ndiyo maana zipo kamba za mshazari: moja hutoka omo kurudi nyuma hadi gatini, nyingine hutoka tezi kwenda mbele. Hizo huzuia chombo kisisogee mbele wala nyuma, nacho kikipanda na kushuka kwa raha.

Kwenye chuma, kamba izunguke shina mara moja kamili, ipite juu ya pembe kama tarakimu 8, kisha mkunjo wa mwisho ugeuzwe ujibane wenyewe. Basi. Wengi hulimbika mizunguko wakidhani wanaongeza nguvu. Dhoruba ikija usiku, rundo hilo halifunguki.

Naironi ndiyo kamba ya gatini, kwa kuwa hunyumbuka wimbi linapovuta. Inapokwaruza ukuta, ivishwe kipande cha turubai.

Na maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupwa ndizo huondoka na nusu yake, karibu mita 2. Huo ndio wakati wa kurudi gatini kutazama kamba.