Jani la Koka na Zaka ya Askofu

Tarehe 18 Oktoba 1569, Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania alitoa amri kuhusu jani linalotafunwa Peru. Amri inaanza kwa kutaja malalamiko yaliyomfikia: koka inatumika katika matambiko na uchawi wa wenyeji, nguvu wanazosema wanazipata wakiiweka kinywani ni udanganyifu wa shetani, na watu wasiohesabika wanakufa katika mashamba yake. Baada ya mashtaka hayo msomaji hutarajia marufuku. Haipo. Mfalme anasema hapendi kuwanyima wenyeji nafuu hiyo ndogo katika kazi zao, hata kama ni nafuu ya kudhania tu, na anawaagiza makamu wake wahakikishe vibarua wanatunzwa vyema na ushirikina unazuiwa.

Amri hiyo inajipinga yenyewe, na mgongano uliomo ndani yake unastahili kuchunguzwa. Sehemu kubwa ya tunayoyasoma leo kuhusu Wainka na koka iliandikwa na watu waliokuwa upande mmoja au mwingine wa mgongano huo.

Koka ni kichaka kinachostawi kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Andes, katika ukanda wa joto na unyevu uitwao yungas, mbali chini ya nyanda za baridi walikoishi watu wengi wa dola ya Wainka. Majani huchumwa mara tatu au nne kwa mwaka, hukaushwa upesi yasiharibike, kisha hupandishwa milimani. Mtumiaji huyakusanya shavuni, akaongeza chokaa kidogo au majivu ya mimea kama kwinoa, akawa anayafyonza taratibu. Anayejua kula tambuu hahitaji maelezo marefu hapa: chokaa ndiyo inayolifanya jani litoe kilichomo. Kokeni iliyomo katika jani kavu kwa kawaida haifiki asilimia 1, nayo huingia mwilini polepole, ikapunguza njaa na uchovu. Ile ya unga haikuwahi kuonwa na mtu yeyote wa karne ya 16, kwani kokeni ilitengwa na jani karibu miaka 300 baadaye, mwaka 1860, na mkemia Mjerumani Albert Niemann. Kwa hiyo padri aliyelilaani jani hili mwaka 1567 hakuwa akipiga vita dawa za kulevya kama tunavyozielewa sisi.

Alichokuwa akikipiga vita ni dini. Koka ilikuwa sadaka. Ilichomwa mbele ya waka, yaani vitu na mahali patakatifu, ilizikwa na wafu, na ilitolewa milimani. Ushahidi ulio wazi kuliko wote haukuandikwa na Mhispania yeyote. Mwaka 1999, karibu na kilele cha mlima Llullaillaco, mpakani mwa Argentina na Chile, zaidi ya mita 6,700 juu ya usawa wa bahari, wanaakiolojia walikuta miili ya watoto watatu waliotolewa kafara zama za Wainka. Baridi ilikuwa imeihifadhi. Msichana mkubwa kati yao, mwenye umri wa miaka kama 13, alikuwa na majani ya koka kinywani, na uchunguzi wa nywele zake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika mwaka wake wa mwisho alipewa koka kwa wingi. Ni jambo zito, na sitaki kulipunguza uzito. Lakini linatuonyesha mapadri waliona nini walipolitazama jani hili: waliona kitu kilichoshikamana na ibada waliyotumwa kuing'oa. Hofu yao ilizidi miaka ya 1560, pale vuguvugu la Taki Onqoy lilipoenea katika eneo la Huamanga, wahubiri wake wakitangaza kwamba waka wanarudi kumshinda Mungu wa Wahispania. Mtaguso wa Pili wa Lima, mwaka 1567, uliilaani koka kuwa kitu kisicho na faida na chenye kuchochea ushirikina.

Wakati huohuo, dai jingine lilikuwa linaenea: kwamba chini ya Wainka koka ilikuwa mali ya mfalme na wakuu wake peke yao, na kwamba umma ulianza kuitafuna kwa sababu Wahispania walivuruga utaratibu wa zamani. Bado dai hili linarudiwa vitabuni. Nashauri lisomwe kwa tahadhari. Lilimfaa sana aliyetaka marufuku, maana aliweza kusema kwamba kuzuia koka ni kurudisha tu sheria ya Wainka wenyewe. Ni kweli dola ilikuwa na mashamba yake na kwamba mfalme aliitoa koka kuwa zawadi ya heshima. Hata hivyo, kumbukumbu za ukaguzi wa mkoa wa Huánuco za mwaka 1562 zinaonyesha jamii za milimani zikiwa na watu wao katika maeneo ya koka. Na katika bonde la Nanchoc, kaskazini mwa Peru, majani yaliyotafunwa yamepatikana pamoja na chokaa katika nyumba za watu walioishi miaka kama 8,000 iliyopita. Wainka waliikuta koka, hawakuianzisha.

Kilichobadilisha mambo ni Potosí. Mwaka 1545 uligunduliwa mlima wenye madini ya fedha katika nchi tunayoiita leo Bolivia, mahali palipo karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Ardhi hiyo haioteshi chakula cha kutosha, baridi ni kali, na kazi ya mashimoni ilikuwa mateso. Wachimbaji hawakukubali kushuka bila koka, wakawa wanalipwa kwa koka au wanainunua kwa ujira wao. Pedro Cieza de León, askari aliyechapisha historia yake mwaka 1553, alishuhudia Wahispania wakirudi kwao na utajiri walioupata kwa kuuza majani hayo. José de Acosta, Mjesuiti, aliandika mwaka 1590 kwamba Potosí peke yake ilitumia makapu 90,000 hadi 95,000 kwa mwaka, na 100,000 mwaka 1583, biashara yenye thamani ya zaidi ya peso nusu milioni. Jani lililoitwa la shetani likawa miongoni mwa bidhaa kuu za dola ya Kikristo.

Juan de Matienzo, jaji wa mahakama kuu ya Charcas, aliliweka wazi katika kitabu chake cha mwaka 1567, mwaka uleule wa Mtaguso: kuiondoa koka ni kuiondoa Peru. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi. Bila koka mwenyeji hatakuwa na sababu ya kutafuta fedha, na bila kuitafuta fedha hatashuka mgodini. Garcilaso de la Vega, aliyezaliwa Cuzco mwaka 1539 na mama wa ukoo wa kifalme wa Wainka na baba kapteni wa Kihispania, anaeleza jambo linalouma zaidi: sehemu kubwa ya mapato ya askofu na makasisi wa kanisa kuu la Cuzco ilitokana na zaka ya koka. Garcilaso naye alikuwa na shamba la koka; ushuhuda wake usomwe kwa kulijua hilo.

Ingekuwa rahisi kumalizia kwamba wote walikuwa wanafiki. Sikubali, kwa sababu ya wale vibarua waliotajwa katika amri ya mfalme. Watu wa nyanda za juu waliteremshwa yungas kuchuma majani ya matajiri wapya, wakafia huko kwa homa na kwa ugonjwa ambao Wahispania waliuita maradhi ya Andes. Kwa maelezo yaliyobaki, ulikuwa lishmania, ugonjwa unaoenezwa na usubi na unaokula pua na midomo. Baadhi ya waliodai marufuku walikuwa wameziona nyuso hizo. Katika maandishi yao lawama kwa shetani na huruma kwa wagonjwa zimechanganyika kiasi kwamba huwezi kuzitenganisha, na serikali ikachagua njia ya katikati: makamu wa mfalme Francisco de Toledo, katika miaka ya 1570, alitunga kanuni za kudhibiti upanuzi wa mashamba na kuwalinda vibarua. Toledo huyohuyo ndiye aliyepanga mfumo wa mita, kazi ya zamu ya kulazimishwa, uliopeleka maelfu ya wanaume Potosí kila mwaka. Mkono mmoja uliwapa wachumaji kinga kidogo, mwingine ukaongeza idadi ya wachimbaji walioihitaji koka.

Swali kama jani linatia nguvu au halitii lilibaki. Kama nguvu ni ya kweli, basi imo ndani ya mmea, na mmea umeumbwa na Mungu. Kama si ya kweli, basi shetani anawadanganya watu. Ndiyo maana amri ya mfalme ilisisitiza kwamba ni kudhania tu. Acosta aliyafahamu maoni ya watu waliolichukulia jambo hilo kuwa ndoto na imani tupu, kisha akakataa waziwazi kuungana nao: alikuwa ameona watu wakitembea siku nzima bila chakula kingine ila kiganja cha koka. Kwa kasisi wa zama zake, kuamini macho yake mbele ya kauli ya mfalme wake kulihitaji uadilifu, na namheshimu kwa hilo.

Hoja za karne ya 16 hazikuzikwa nayo. Mwaka 1949 tume ya Umoja wa Mataifa ilizuru Peru na Bolivia na kuhitimisha kwamba utafunaji wa koka unadhuru na unapaswa kukomeshwa. Mkataba wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 ukaliweka jani katika orodha moja na kokeni na kutoa miaka 25 watu waache kulitafuna. Bolivia ilijitoa katika mkataba huo, ikarudi mwaka 2013 kwa sharti moja: kwamba ndani ya mipaka yake, kutafuna koka ni halali.