Andiko la kanisa liwe refu kiasi gani?

Vijana wanaoandika habari na tafakari za makanisa yetu huniuliza mara kwa mara: "Pasta, niandike kurasa ngapi?" Zamani nilijibu haraka: ukurasa mmoja unatosha. Siku hizi nauliza kwanza: nani atasoma, na akiisha kusoma unataka afanye nini?

Nilijifunza hayo kwa aibu. Miaka michache iliyopita familia nyingi zilizokimbia vita zilifika kwetu, zikalala madarasani na ndani ya kanisa. Niliandika barua isomwe siku ya Jumapili katika makanisa ya jirani. Nilianza na salamu, kisha vyeo vya wote niliowaandikia (ninyi mnajua jinsi barua zetu zinavyopenda vyeo). Halafu nikaeleza kitabu cha Ruthu: njaa ya Bethlehemu, safari ya Moabu, ukarimu wa Boazi. Ombi lenyewe, kwamba maharagwe, unga na mablanketi yafikishwe kabla ya Jumatano, lilikuwa karibu na mwisho wa ukurasa wa tatu.

Katika kanisa moja msomaji alitazama saa, akaona korali mbili bado hazijaimba na mahubiri hayajaanza. Akakunja karatasi, akasema sehemu iliyobaki itasomwa Jumapili ijayo. Jumatano ikafika, na kutoka kule hakikuja kitu. Nilikwenda kuwauliza, tena kwa ukali. Mama mmoja akanijibu kwa upole: "Pasta, sisi hatukusikia kama uliomba kitu."

Barua ile haikuwa na kosa la mafundisho. Lakini watoto waliendelea kulala juu ya saruji kwa sababu mimi nilitaka watu waone kwamba nilisoma theolojia. Nikaandika nyingine yenye mistari tisa: kitu gani kinahitajika, kipelekwe wapi, siku gani, nani atakipokea. Salamu ikawa mstari mmoja.

Msiseme basi kwamba fupi ndiyo njema daima. Nakumbuka ujumbe wa simu uliotumwa kwa haraka: "Mzee wetu ametuacha, tumwombee." Aliyetuma alitaka kusema kwamba mzee amehamia mji mwingine kwa watoto wake. Jioni ile kina mama walifika nyumbani kwake na kuni na unga kwa ajili ya kilio. Maneno matatu zaidi yangewaokoa na safari ile. Tulicheka baadaye, lakini kuna siku ambapo ujumbe wa namna hiyo hauishi kwa kicheko, hasa huku kwetu, ambako habari ya nusu inaweza kuwafanya watu wafunge mizigo na kukimbia usiku.

Tazameni nyaraka za Paulo. Filemoni una mistari 25 tu, Warumi una sura 16. Mwandishi ni yule yule. Kwa Filemoni anamwandikia mtu anayemjua, juu ya neno moja: ampokee Onesimo. Historia ya nyumba ile Filemoni anaijua mwenyewe, hahitaji kuelezwa. Lakini Roma Paulo alikuwa hajafika bado. Wengi kule hawajamsikia akifundisha, kwa hiyo anaanza chini kabisa na kujenga hoja hatua kwa hatua. Urefu unatoka kwa msomaji: anajua nini tayari, na anakosa nini ili aelewe. Na mwandishi wa 2 Yohana na 3 Yohana anasema ana mengi ya kuandika, lakini anaona ni heri aonane nao uso kwa uso. Mambo ya nidhamu ya mshiriki au ugomvi wa ndoa ni ya namna hiyo. Usitafute idadi ya kurasa, vaa viatu uende.

Jambo lingine ni kuhesabu. Wengi wetu tulifundishwa kuandika kwa Kifaransa, na tunaleta vipimo vya Kifaransa katika Kiswahili. Lakini "je vous ai écrit" ni maneno manne, na "nimewaandikia" ni neno moja. Maneno 600 ya Kiswahili hubeba zaidi, nayo huchukua muda zaidi kutamkwa. Kwa saa yangu, msomaji wa kanisani anayesoma polepole husoma maneno kama 100 kwa dakika, hivyo 600 ni dakika sita. Kwa tafakari hiyo si mbaya. Kwa tangazo, watu wamekwisha kuanza kutazama mlango. Wanaosoma kwenye simu nao wana batiri ndogo na mega za kununua.

Somo la kweli, kama mahari au urithi wa wajane, lisikatwe ili lipendeze kwa ufupi, maana mjane anayetafuta haki yake atasoma kurasa tano bila kuchoka. Afadhali kuligawa, sehemu moja kila juma, na kila sehemu isimame peke yake, kwa kuwa aliyesoma ya pili huenda hakuiona ya kwanza.

Mimi sasa nikiisha kuandika nafuta aya ya kwanza na kusoma kilichobaki. Mara nyingi hakipungui kitu; ile aya nilikuwa napasha moto mkono tu. Kisha nampa kijana wa korali asome kwa sauti mbele ya watu wawili watatu, na namwuliza mmoja wao: tumeombwa nini? Akinijibu kwamba nimeandika vizuri sana, narudi mezani.