Nuru na Sumaku Katika Uchunguzi wa Damu ya Ubongo

Mwanafunzi wa Tunduma aweza kufanya jaribio hili usiku wowote bila gharama: na afunike kioo cha tochi kwa vidole vyake. Vidole vitang'aa wekundu. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba damu hufyonza sana nuru ya buluu na ya kijani, ikaiacha nyekundu ipenye. Jambo hili dogo ndilo msingi wa njia moja ya kuchunguza damu iliyomo kichwani mwa mtu aliye hai, bila kisu wala sindano.

Kwanza tuitazame kazi ya damu hiyo. Ubongo wa mtu mzima ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni mwili unapopumzika. Nao hauna akiba ya oksijeni ya kutosha. Hutegemea damu wakati wote. Tena, sehemu ya ubongo inaposhughulika, kama vile mtu asikilizapo au asogezapo mkono, mishipa midogo ya sehemu hiyo hupanuka na damu huongezeka. Ongezeko hilo huzidi hata kiasi cha oksijeni kinachotumika hapo.

Oksijeni huchukuliwa na hemoglobini iliyomo katika chembe nyekundu za damu. Hemoglobini ikiachia oksijeni hubadilika kwa namna mbili. Kwanza rangi: wekundu wake wa kung'aa hukoza. Pili, mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba hemoglobini isiyo na oksijeni huvutwa kidogo na sumaku, ilhali yenye oksijeni haivutwi. Badiliko la rangi lilizaa kipimo cha nuru. Badiliko la pili likazaa kipimo cha sumaku.

Kipimo cha nuru hutumia hasa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Mwaka 1977 Frans Jöbsis alieleza kwamba miale hiyo yaweza kupenya ngozi na mfupa hadi ubongoni. Taa ndogo na kipokezi huwekwa kichwani. Kwa kulinganisha mawimbi ya urefu mbalimbali, hukadiriwa mabadiliko ya hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo. Kile chombo kinachobanwa kidoleni hospitalini kupima oksijeni hufuata kanuni hiyohiyo. Chombo cha nuru ni chepesi na chaweza kukaa kando ya kitanda, lakini miale hufika sentimita chache tu. Sehemu za ndani za ubongo hazifikiwi.

Kipimo cha sumaku hufanywa kwa mashine ya MRI. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwa panya kwamba hemoglobini isiyo na oksijeni huvuruga uga wa sumaku ulioizunguka, na picha hufifia mahali hapo. Damu yenye oksijeni ikiongezeka, picha hung'aa. MRI huona ubongo wote pamoja na umbo lake, bali ni ghali, hutaka umeme wa kutegemewa, na mgonjwa sharti atulie.

Vyombo hivi vina faida gani kwetu? Jibu moja lapatikana kwa jirani. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, hupakana na Malawi kwenye Mto Songwe. Nchini humo, katika Hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Terrie Taylor, Karl Seydel na wenzao walitaka kujua kwa nini malaria ya ubongo huua watoto. Katika ugonjwa huo chembe zenye vimelea hunasa katika mishipa midogo, na mtoto hupoteza fahamu. Walitumia MRI kutazama ubongo wenyewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 168, walikufa 25. Na 21 kati ya hao 25 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipofika hospitalini. Waliopona walikuwa 143, na 39 kati yao walikuwa na uvimbe kama huo, ambao picha za baadaye zilionyesha ukipungua.

Wanafunzi na wapige hesabu. Wenye uvimbe mkubwa walikuwa 60, wakafa 21, yaani asilimia 35. Wasio nao walikuwa 108, wakafa 4, yaani chini ya asilimia 4. Uvimbe basi ni hatari kubwa, maana waweza kukandamiza sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua. Lakini si hukumu ya kifo, kwa kuwa wengi wenye uvimbe walipona.

Kipimo cha nuru nacho kimetumiwa kwa watoto wa Malawi wenye ugonjwa huo, na kimeonyesha kwamba hemoglobini katika mishipa midogo ya ubongo wao huzidi kiasi. Hivyo MRI huonyesha uvimbe, na nuru hueleza hali ya damu. Mahali pasipo na MRI, chombo chepesi kama hicho kina thamani ya pekee, ijapokuwa hakiwezi kupima uvimbe wenyewe.

Hakuna chombo kati ya hivi kinachotibu malaria. Mtoto mwenye homa anayepatwa na degedege au kupoteza fahamu yapasa afikishwe hospitali mara moja, kwa maana dawa hufaa zaidi ikiwahi.