Soko la Kaboni (2): Nini hupandisha na kushusha bei ya kibali?

KATIKA sehemu ya kwanza tuliona jinsi soko la kaboni la Umoja wa Ulaya, lililoanza mwaka 2005, linavyoendeshwa. Sheria huweka kikomo cha hewa ukaa inayoruhusiwa kutoka kwenye mitambo ya umeme na viwanda vikubwa, kisha vibali hugawiwa au hupigwa mnada. Kibali kimoja ni ruhusa ya kutoa tani moja. Leo tuulize: kwa nini kibali hicho kiliuzwa chini ya euro 5 mwaka 2013, na Februari 2023 kikavuka euro 100?

Tuanze na hali ya uchumi. Viwanda vikizalisha sana, moshi huongezeka na vibali hutafutwa. Vikisinzia, hakuna wa kuvinunua. Katikati ya mwaka 2008 bei ilikaribia euro 30. Mdororo wa uchumi ulipoikumba Ulaya, miezi michache tu baadaye ilikuwa chini ya euro 10. Mwenye kiwanda cha saruji akikosa wateja hupunguza uzalishaji, lakini idadi ya vibali ilikuwa imepangwa kisheria miaka kadhaa kabla, na haikupungua. Ziada ikalundikana hadi kufikia vibali takribani bilioni mbili mwaka 2013.

Jambo la pili ni gharama ya nishati. Mtambo wa makaa ya mawe hutoa karibu tani moja ya hewa ukaa kwa kila megawati-saa ya umeme. Wa gesi asilia hutoa chini ya nusu ya hiyo. Gesi ikipanda bei, makampuni ya umeme hurudi kwenye makaa ya mawe, na hapo huhitaji vibali zaidi ya maradufu kwa umeme uleule. Mwaka 2021 ulionyesha hivyo: gesi iliadimika, na kibali kikapanda kutoka euro 30 na ushei mwanzoni mwa mwaka hadi zaidi ya euro 80 mwezi Desemba.

Hata hivyo, gesi ikipanda kupita kiasi mambo hugeuka. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, kibali kilichokuwa kikikaribia euro 100 kilishuka chini ya euro 60 katika muda wa siku chache. Wawekezaji walikuwa wakiuza ili wapate fedha taslimu, huku wakihofu kwamba viwanda vitashindwa kulipia nishati. Baadaye mwaka huohuo viwanda kadhaa vya mbolea na alumini vilipunguza au kusimamisha kazi, na kiwanda kilichosimama hakihitaji kibali.

La tatu, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni sera. Uhaba wa vibali hutungwa bungeni, na huko huko unaweza kutenguliwa. Aprili 2013 Bunge la Ulaya lilikataa pendekezo la kuahirisha minada, na siku hiyohiyo bei ikaporomoka chini ya euro 3. Baadaye ikaundwa akiba maalumu ya kuondoa ziada sokoni, iliyoanza kazi Januari 2019. Wafanyabiashara hawakuisubiri: sheria ya kuiimarisha ilipopita mwaka 2018, bei ilitoka chini ya euro 8 mwezi Januari hadi zaidi ya euro 20 kabla ya mwaka kwisha.

Linganisha sasa misukosuko miwili. Baada ya ule wa 2008, bei ilikaa chini kwa karibu miaka kumi. Janga la korona liliiangusha hadi karibu euro 15 Machi 2020, lakini miezi minne baadaye ilikuwa imerudi ilipokuwa. Safari hii wanunuzi walijua kwamba ziada ingefyonzwa na kwamba kikomo kingezidi kukazwa. Uchumi na nishati hutikisa bei kwa miezi. Sheria huamua itakapotulia.

Hili linawahusu wanavijiji na halmashauri zetu wanaoshawishiwa kuingia mikataba ya kaboni ya misitu kwa kutajiwa bei za Ulaya. Tangu mwaka 2021 soko hilo halipokei viwango vya kaboni, yaani hati zinazotolewa kwa miradi ya kupunguza au kufyonza hewa ukaa, kutoka nje ya Umoja huo. Anayekutajia euro 70 kwa tani anakutajia bei ya soko ambako huruhusiwi kuuza.

Wiki ijayo: soko la hiari, ambako kaboni ya misitu yetu huuzwa, na jinsi bei yake inavyopatikana.